Jina Lilisomeka, Nyuso Hazikuonekana

Mmeniomba niandike juu ya flashi ya mchana, kwa sababu wengi wenu wapiga picha wa siku hizi mnaiona ushamba. Nitaandika, lakini siandiki nikiwa nimekaa. Karatasi iko juu ya kabati, nimesimama, na kila baada ya sentensi mbili natoka barazani kuangalia kama simu imeita. Tangu nistaafu kila mtu ananiambia, Hajati, pumzika. Wanangu, kupumzika kunanichosha kuliko kupiga harusi tatu Jumamosi moja.

Niliacha kazi kwa sababu ya magoti. Kazi yangu ya mwisho ilikuwa picha ya wasichana ishirini na wawili kwenye ngazi za ofisi moja mtaa wa Nakasero, hapa mjini, siku waliyokuwa wanaondoka kwenda kyeyo, yaani kibarua cha ughaibuni, kufanya kazi za nyumbani Uarabuni. Miezi saba baadaye mama mmoja alinijia kutoka kwenye nyumba za polisi kule Nsambya, akaniomba nimpe uso wa binti yake. Hakusema picha, alisema uso. Binti alikuwa amepotea, na bila uso hakuna mtu kule ambaye angeweza kumtafuta. Mimi niliyempiga picha sikuwa na uso wa kumpa. Hayo ndiyo nitakayowaeleza, na humo humo mtaokota mambo ya flashi mnayoyataka.

Kazi nilifundishwa na ami yangu, mdogo wake baba. Sisi ni Waislamu wa zamani wa mji huu. Babu wa babu alikuja Uganda na misafara ya pwani akiuza nguo na shanga, akaoa hapa, akazikwa hapa, na Kiswahili hakikutoka nyumbani kwetu hadi leo. Ami alikuwa na studio ya chumba kimoja, na aliniingiza kazini kwa sababu akina mama wa Kiislamu hawakutaka mwanamume aingie upande wao wa harusi. Sheria yake ilikuwa moja: jua liwe mgongoni kwako wewe, usoni kwa mteja. Basi nendeni mkaangalie albamu za wazee wenu. Kila mtu amekunja uso, macho yamekuwa mistari, midomo imebanwa. Wajukuu wanadhani mababu walikuwa watu wakali. Hawakuwa wakali hata kidogo, walikuwa wanaumwa na macho.

Flashi kwa Ami ilikuwa kitu cha usiku na cha ndani ya nyumba. Ilikula betri nne, na betri zile alizilaza juani kila asubuhi zipate nguvu kidogo tena. Siku moja nilikuwa nampiga mzee mmoja chini ya mwavuli, saa sita mchana, nikaona uso wake umezama. Nikawasha flashi. Ami alitoka ndani mbio, akaniuliza, "Wewe, umeona giza gani hapa?" Mteja naye akacheka. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, na aibu ya umri ule mnaijua. Miaka mingi sikuwasha tena flashi juani, hata nilipokuwa na kamera yangu mwenyewe na betri zangu mwenyewe. Kosa likifundishwa kwa kuchekwa linakaa sana.

Ngojeni, simu.

Haikuwa kitu. Mtu anauza viwanja.

Dijitali ilipokuja nilidhani mashaka yamekwisha, kwa sababu unaona picha pale pale. Kumbe unaona tu haraka zaidi jinsi ulivyoharibu. Kamera haina akili, tuseme ukweli. Ikiona mbingu nyeupe nyuma ya mtu inadhani dunia yote imejaa mwanga, basi inajibana. Mbingu inatoka nzuri, mawingu yanatoka, na mtu wako anabaki kivuli chenye meno. Na sisi watu wenye ngozi nyeusi ndio tunaozama kwanza. Unaweza kuiambia kamera ifungue zaidi, lakini hapo uso unapatikana na mbingu inapotea, nyuma panakuwa peupe kama shuka. Ukivitaka vyote viwili, mtu na mahali alipo, lazima uongeze mwanga upande wa mtu. Kwa hiyo flashi ya mchana haipigwi kufukuza giza. Inapigwa ili mtu alingane na jua lililo nyuma yake.

Aliyenitoa aibu ni mama mmoja Mkongo, muuza vitenge karibu na soko la Nakasero. Alitaka picha akiwa mlangoni pa duka lake, nikiwa mimi ndani na barabara yenye jua nyuma yake. Nilipiga ya kwanza, ikatoka kitambaa kinaelea hewani bila mwenyewe. Nikasema liwalo na liwe, nikainua flashi. Akashika kiuno.

"Hajati, juu ya nini unanimulika muchana? Unaona mimi ni giza?"

"Si wewe mama, ni kamera haioni."

"Kamera haioni, na mimi ndiye unamulika? Mulika kamera."

Sikubishana. Nikampa kamera, nikamwonyesha ya kwanza na ya pili. Akaangalia muda mrefu, akirudi nyuma na mbele kwa kidole. Halafu akasema, "Hapa kitenge iko, mimi siko. Hapa tuko wote." Akaita majirani zake wa kushoto na kulia, na mchana ule sikutoka pale. Nilimulika watu mpaka flashi ikawa moto. Tangu siku hiyo, mteja akikasirika nikimulika mchana, na wengi hukasirika, siongei. Napiga mbili, namwonyesha.

Sasa hayo mnayoyataka ya mikono. Pima kwanza kilicho nyuma, mbingu au barabara, mpaka kipate rangi yake. Usimfikirie mtu bado. Kisha ndipo uwashe flashi, na uipunguze, nusu ya nguvu yake au chini ya hapo. Ukiiacha na nguvu zote mtu anatoka amebandikwa, paji la uso linang'aa kwa mafuta, na wajuzi watamwona kama amekatwa gazetini. Mwanga ukiwa mkali bado, funika flashi kwa karatasi laini nyeupe tabaka moja. Toa ile kofia ya plastiki ya kukinga jua mbele ya lenzi ikiwa unatumia flashi ndogo ya kamera, la sivyo utapata mwezi mweusi chini ya picha na utalaumu lenzi. Flashi ndogo hiyo inafika hatua tatu, nne. Baada ya hapo unajidanganya. Kundi likiwa na safu tatu, safu ya mbele inakula mwanga wote na ya nyuma inalala njaa, basi wapange kama mwezi mchanga ili kila mtu awe karibu sawa na wewe, au watoe walio nyuma uwapige tena peke yao. Na kama kuna kioo au kibao kinachong'aa nyuma yao, usisimame mbele yake moja kwa moja. Nenda pembeni hatua mbili, mwako utarukia kwingine.

Hilo la mwisho nililijua vizuri sana. Nataka mlikumbuke nikifika Nakasero.

Spidi ya kamera nayo ina mpaka wake. Nilikuwa na flashi ya mtumba ya kuchomeka juu, isiyosemezana na kamera, na jua lilikuwa kali, nikapandisha spidi kupita kiasi. Kamera ilikuwa imesimama wima. Pazia la ndani ya kamera lilikuwa limeshaanza kujifunga flashi ilipowaka, basi bibi harusi alitoka anang'aa na bwana harusi, aliyekuwa upande wa kushoto, alibaki giza tupu. Mama wa binti aliniuliza kwa upole kabisa kama nimemwoza mwanawe kwa kivuli. Bakini moja ya mia mbili ya sekunde kushuka chini, na kama mwanga ni mwingi bado, bana tundu la lenzi. Nimewaambia, sasa msije mkaniuliza tena.

Haya, Nakasero. Ilikuwa saa kumi jioni. Ile kampuni ya kupeleka watu kyeyo ilikuwa na ofisi ya vioo, ngazi mbele, na juu ya mlango kibao kipya chenye herufi za kung'aa. Wasichana walivaa fulana za rangi moja na vitambaa vya kichwa vya rangi moja. Jua lilikuwa linashuka nyuma ya jengo, mbingu nyeupe yote juu na pembeni mwake, nyuma yao. Basi la uwanja wa ndege lilikuwa limewashwa tayari, linanguruma, na meneja, kijana mwenye tai, anaangalia saa kila nukta. Magoti yangu yalikuwa yanawaka. Nilikuwa nimeshawaambia wanangu kwamba hii ndiyo ya mwisho.

Nilifanya kazi vizuri kwa fremu moja tu. Nilipima mbingu, nikawasha flashi, nikapunguza, nikapiga. Wakati huo huo msichana mmoja, mwisho wa safu ya pili, upande wangu, alikuwa amegeuka kidogo akicheka na mwenzake aliyekuwa nyuma yake kwenye safu ya tatu. Kinywa wazi, jicho moja dogo kuliko jingine kwa kicheko. Na kile kibao cha juu kilirudisha mwako wote, pakawa na doa jeupe pale penye jina.

Meneja alichungulia nyuma ya kamera.

"Hajati, jina ya kampani imepotea. Zima hiyo taa. Kwani sasa ni usiku?"

Ami alikuwa ameshakufa zamani, lakini nilimsikia. Nilipaswa kusogea kushoto hatua mbili, nimekwisha kuwaambia nilijua. Nilipaswa kumwambia meneja asubiri nimpigie nyingine. Hatua mbili, wanangu, na ngazi moja ya kupanda. Nikaona uvivu. Nikazima flashi, nikapiga nne bila flashi, jina likatoka safi kila herufi, meneja akaridhika. Ile ya kwanza nilikuwa nimeshaifuta palepale kabla ya hizo nne, kwa sababu ndiyo mazoea yangu, mteja asipewe iliyoharibika. Basi likaondoka. Nyumbani nilihamisha zile nne, nikamtumia, nikaweka kamera kabatini na kadi ndani yake, nikalala na dawa ya magoti.

Yule mama wa Nsambya, Mama Zulaika, alikuja siku ya mvua. Alikuwa ameuliza njia tangu asubuhi. Yeye ni Mwacholi, Mkatoliki, mjane wa sajini wa polisi Mlugbara, Muislamu, na watoto wao wakagawana, huyu anasali huku, yule kule. Lugha yao nyumbani ni Kiswahili cha kambi. Aliketi ukingoni mwa kiti akanionyesha picha ya ngazini ikiwa kwenye simu ya jirani yake.

"Ni wewe ulipiga hii?"

"Ni mimi."

"Mutoto yangu iko hapa ndani. Zulaika. Mimi najua anasimama hapa," akaweka kidole, "sababu najua mwili yake. Lakini uso hakuna. Hajati, nipe uso ya mutoto yangu."

Zulaika alikuwa amenyamaza wiki tisa. Kwanza alipiga simu kila Ijumaa, halafu simu ikazimwa. Ofisi ya Nakasero ilikuwa imefungwa na kile kibao kimeng'olewa, imebaki misumari ukutani. Pasi yake ilikuwa kwa mwajiri, kitambulisho alikwenda nacho. Kulikuwa na kikundi cha akina mama wa Uganda waliozoea kule, wanaowatafuta waliopotea kwa kupitishiana picha kwenye simu, huyu anaangalia hospitalini, yule sokoni, yule kwenye jengo anakofagia. Mama Zulaika aliwatumia picha zote alizokuwa nazo. Nikamwambia anionyeshe. Sikujua nicheke au nilie. Zilikuwa picha zaidi ya thelathini, zote za simu, na simu ile ilikuwa na ile dawa ya kulainisha sura. Ngozi nyeupe, macho makubwa, kidevu kimechongwa, kichwani masikio ya sungura. Kule walikuwa wamejibu kwa adabu: dada, huyu hatujamwona popote, tafadhali tuma uso wake wa kweli.

Nilikaa kwenye kompyuta siku mbili nikivuta mwanga kwenye zile nne. Nyinyi mnaamini sana hilo, mnasema tutarekebisha baadaye. Njooni niwaonyeshe. Nilipofungua vivuli uso ulitoka rangi ya majivu, umejaa chembechembe kama mchanga, macho hayana mtu ndani. Ungeweza kuwa uso wa yeyote kati ya wale ishirini na wawili. Kisichoandikwa na kamera hakivutwi kwa kamba. Mama Zulaika alikuwa anakuja kila asubuhi kwa miguu kutoka Nsambya, anakaa ukingoni mwa kile kiti. Mimi nilikuwa siwezi kula mbele yake, na nikiwa peke yangu nilikuwa siwezi kukaa. Nilizunguka nyumba. Nilifua nguo safi.

Siku ya tatu, nikiwa naswali adhuhuri, Mungu anisamehe, katikati ya sala nikaikumbuka ile fremu niliyoifuta. Nikamaliza sala kwa haraka ya aibu nikaenda kabatini.

Fundi wa kompyuta ni Okello, mtu mzima, ana chumba ghorofa ya tatu mjini na amenifahamu tangu nilipokuwa na kamera ya kwanza. Nilipanda ngazi zile zote na magoti haya, Mama Zulaika nyuma yangu. Okello alishika kadi kwa kucha.

"Hajati, ulipiga tena juu yake baada ya kufuta?"

"Nne. Palepale."

"Na baada ya hizo nne?"

"Kamera haijatoka kabatini."

"Basi tunaweza kujaribu. Ukifuta, kamera haichomi picha, inasahau tu iko wapi. Kitu kikija kukaa mahali pake ndiyo inaisha. Kaeni, itachukua muda."

Mama Zulaika alikaa. Mimi sikukaa. Okello aliniambia mara tatu kwamba nikitembea mbele ya meza yake mashine haiendi haraka zaidi. Hizo nne zilinitia hofu, nilifikiri huenda mojawapo imelalia ile ninayoitaka. Kuanzia saa nane zilianza kutoka picha zilizovunjika, nusu ya keki, miguu ya watu, bibi harusi wa mwaka mwingine asiye na kichwa. Adhana ya alasiri ilipita. Halafu Okello akasema, "Hajati, ni hii?"

Ngazi, vioo, doa jeupe pale palipokuwa na jina la kampuni. Na mwisho wa safu ya pili, Zulaika. Nilikuwa sijawahi kumwangalia kweli mpaka saa ile. Ana mwanya mpana, meno ya mbele. Ana kovu linalokata nyusi ya kulia. Ngozi yake ilitoka rangi yake yenyewe, mbingu nyuma yake ina rangi, na kicheko chake kimeandikwa mpaka kwenye shingo. Mama yake aliinuka polepole, akagusa kioo cha kompyuta kwa mgongo wa kidole, kama unavyopima homa.

"Huyu," akasema. "Huyu ndiye mutoto yangu."

Okello akajifanya anatafuta kitu chini ya meza. Mama Zulaika aligeuka kwangu. Hakuwa na hasira, na ingekuwa heri angekuwa nayo.

"Juu ya nini ulikuwa umeitupa?"

Nikamwambia kweli. Kwa sababu ilificha jina la kampuni. Aliitikia kwa kichwa, akasema tuitume.

Okello aliukata uso ule peke yake, mkubwa, akautuma. Siku kumi na tisa nilikuwa mtu asiyefaa. Kila simu ikilia natoka mbio barazani. Niligombana na muuza maziwa, nikagombana na binti yangu, nikamwomba radhi mmoja tu kati yao. Siku ya ishirini mama mmoja wa kile kikundi alikuwa dukani anapanga foleni ya dawa, akamwona msichana amefunikwa mpaka kidevu, ameshika watoto wawili wa watu, na nyusi ya kulia imekatwa na kovu. Akamwita kwa jina, kwa sauti ndogo, bila kugeuza kichwa. Msichana akaangua kilio palepale kwenye foleni.

Yaliyofuata si yangu kuyasimulia, kuna watu wengi walihangaika, na siku nyingi zilipita. Mjue tu kwamba alirudi. Alirudi amekonda, mkono mmoja haunyooki vizuri, lakini alirudi, akalala kitandani kwa mama yake Nsambya.

Na mimi nikavimba kichwa. Mnasikia? Nilivimba. Msikitini nilisimulia, kwenye harusi nilisimulia, kwa muuza maziwa niliyekuwa sijamwomba radhi nilisimulia. Fremu moja ya flashi mchana. Niliichapisha kubwa nikaitia kwenye fremu ya mbao, nikaitundika ukumbini, na wajukuu zangu wakafundishwa kuwaeleza wageni. Miaka arobaini na kitu kazini, na hii ndiyo niliyoiona ina maana.

Jumapili moja Mama Zulaika akamleta binti yake kunishukuru. Nilikuwa nimepika tangu alfajiri. Msichana alinipigia magoti kama mama yake wa kambo wa Kiganda, mke mwingine wa marehemu sajini, alivyomfundisha, akanywa chai, anaongea kidogo kidogo, anaangalia mlango. Nikamshika mkono ule mzima nikampeleka ukumbini mbele ya picha. Nilitaka ajione. Kusema kweli nilitaka nimwone akijiona.

Aliangalia kwa muda. Hakujiangalia yeye. Macho yake yalikuwa nyuma ya bega lake mwenyewe, pale palipokuwa na kipande cha kitambaa cha kichwa, sikio moja, na nusu ya shavu ndani ya giza.

"Hajati, na huyu? Huyu naye mlimpata?"

"Nani?"

"Harriet. Si ndiye alikuwa ananichekesha. Alisema, tazama Hajati anatumulika kama tumeiba kuku." Akatabasamu kidogo, halafu tabasamu likaisha. "Kule tulipelekwa mji mmoja. Alinipigia mara mbili, analia, halafu simu yake ikazimwa kabla ya yangu. Nilidhani nyinyi mliokuwa mnatafuta, mlikuwa mnatutafuta wote."

Nikauliza mama wa Harriet ni nani, tumwendee. Zulaika akasema hana. Alilelewa na shangazi, na shangazi alikufa kabla hawajasafiri. Hakuna mtu wa kutembea kwa miguu asubuhi kuja kukaa ukingoni mwa kiti changu.

Niliiteremsha ile picha ukutani siku hiyo hiyo, nikairudisha kwa Okello. Tumevuta, tumekuza, tumefungua kivuli. Kichwa cha Zulaika kinamkinga, na flashi yangu haikufika safu ya tatu. Tunacho kitambaa, sikio na nusu ya shavu. Nimewatumia wale akina mama, wakajibu kwa adabu ileile.

Ndiyo sababu naandika nimesimama, na ndiyo sababu niliwakubalia haraka mliponiomba. Nawahitaji. Zulaika anakumbuka kwamba Harriet alikuwa akiimba kwaya ya vijana kanisani, upande wa Lubaga, miaka miwili au mitatu kabla ya safari. Ni mrefu, husimamishwa nyuma siku zote. Ana alama nyeusi ya kuzaliwa chini ya jicho la kushoto, ndogo kama punje ya mtama. Nimekwenda Lubaga mara nne. Watu wana picha, wamenipa kwa moyo mmoja, na zote zimepigwa kwaya ikiwa mbele ya madirisha. Madirisha yametoka mazuri sana. Safu ya nyuma ni giza.

Nyinyi ndio mnaopiga harusi zile, ubatizo ule, misa zile. Fungueni kadi za zamani, hata zile mlizofuta, msipige kitu juu yake tena, nendeni nazo kwa fundi. Angalieni safu ya nyuma. Ikiwa siku moja mmoja wenu aliwasha flashi mchana, basi uso wa Harriet anao yeye, na hajui.